Hamira Namba Kumi na Saba

Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, na mvua nyembamba ilianguka bila sauti juu ya mabati ya viwanda vya Masoro.

Gahongayire alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa la chuma, akikinga mvinyo wa ndizi kwenye dumu. Kando yake, hewa ya pipa lingine ilitoka kupitia mrija uliotumbukizwa majini: blu, kimya, blu. Wafanyakazi wenzake walisema mlio huo unawaletea usingizi. Yeye ulimfanya ageuke. Aliusikia kama mzee anayesafisha koo nyuma yake, kabla ya kusema jambo ambalo halisemi kamwe.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu. "Ee Bwana, unihurumie," alinong'ona, akafunga bomba.

Hamira iliyochachusha mvinyo ule iliitwa namba kumi na saba. Ndiyo iliyompa shahada na kazi. Ililala ndani ya friza, katika vichupa vidogo kuliko kidole, na kila mwezi aliiamsha kwa maji ya sukari, akaitazama ikivimba, hai. Ilitoka kwenye gogo la kutengenezea mvinyo la mzee Cassien. Cassien alikuwa ametimiza mwaka mmoja kaburini, na leo mjane wake, Mukeshimana, alikuwa amewaalika majirani kumkumbuka.

"Tuletee dumu moja la kiwandani, dokta," alikuwa amemwambia kwa simu. "Nyumba hii haina tena mkono wa kutengeneza."

Mkono. Gahongayire alikuwa amelibeba neno hilo wiki nzima.

Miaka minane iliyopita alikuwa karani mchana na mwanafunzi jioni, mtu mzima kati ya vijana, akitafuta hamira za kienyeji kwa ajili ya utafiti wake. Cassien alimpokea uani kwake, mtaa wa Gitega, kama binti. Alimwonyesha umuvure wake, gogo lililochongwa kama mtumbwi, ambamo juisi ya ndizi na unga wa mtama vililala siku tatu. Lilikuwa la baba yake. Halikuwahi kuguswa na sabuni. Lilisuuzwa kwa maji na majani tu. Gahongayire alikwangua ule mti, akatia ungaunga wake kwenye kichupa. Kisha, kwa kutaka kulipa wema, akamfundisha alichojifunza wiki ile: usafi. Klorini, maji ya moto, jua siku tatu. Walisugua pamoja, wakicheka, mpaka gogo likawa jeupe kama mfupa.

Cassien alikubali kwa sababu Gahongayire alikuwa amesoma.

Mvinyo uliofuata ulinuka siki. Na uliofuata huo pia. Kwa desturi mwenye nyumba hunywa wa kwanza, wageni waone kwamba hakuna sumu. Cassien alikunywa, wageni wakamtazama, wakasema hawana kiu. Mtaa ukaanza kusema mikono yake imelaaniwa.

Miezi mitano baadaye, darasani, mwalimu alieleza kwamba hamira huishi ndani ya nyufa za mbao, kizazi baada ya kizazi, na kwamba dawa kali huiua. Gahongayire aliacha kuandika. Kichupa kilikuwa kwenye jokofu la chuo, mwendo wa dakika ishirini kutoka uani kwa Cassien. Angeweza kukipeleka. Lakini angelazimika kusema kwa nini. Alisali aondolewe aibu, akapata alama za juu, hakwenda.

Alasiri ile, uani Gitega, turubai lilikuwa linavuja. Watu kumi na wawili walikaa kwenye viti vya plastiki. Gratien, fundi cherehani wa nyumba ya pili, aligonga dumu kwa kidole.

"Dokta iko na mvinyo ya kiwanda. Leo tutakunywa na risiti mkononi."

"Wewe kunywa mdomo ukiwa umefungwa, Gratien," alisema Mukeshimana. Alikulia Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha huko. "Leo tu, baba."

"Nafunga, mama. Lakini aliyeleta anywe kwanza. Hapa tumezoea kungoja."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Gahongayire alimimina, akanywa. Kazini huonja na kutema, leo alimeza.

Mukeshimana alipokea bilauri, akanywa kidogo, akafumba macho. Hakuyafumbua haraka.

"Umetoka wapi huu?"

"Masoro, mama."

"Nimekuuliza umetoka wapi."

Gratien naye alikuwa amekunywa. Aliweka bilauri chini polepole, kama kitu cha mtu mwingine. "Hii iko ya Cassien," alisema.

Gahongayire alijua bado angeweza kusema kwamba ni ndizi zilezile tu, kwamba ladha hufanana. Alipiga magoti kwenye simenti iliyolowa.

"Ni mimi niliyeliua gogo, mama. Nilichukua hamira yake, kisha nikamfundisha kuiua. Mikono yake haikuwa na laana."

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na kumi na nane."

Mukeshimana alihesabu kwa midomo, bila sauti.

"Zaidi ya miaka sita, yeye akiwa hai," alisema. "Kila jioni alinawa kwa majivu. Kisha ananiletea mikono, ananiambia, nusa. Nami nanusa. Nikawa namwomba Mungu anionyeshe kosa letu, na Mungu amenyamaza. Kumbe jibu unalo wewe."

Neno la kuomba msamaha lilimjia Gahongayire mdomoni. Aliliona dogo, akalirudisha.

"Simama. Sitaki magoti," alisema Mukeshimana. "Hapa tuko wachache. Waliomkimbia ni mtaa mzima. Sema utafanya nini, na hawa wasikie."

"Aanzie kwangu," alisema Gratien, akitazama viatu vyake. "Bibi yangu bado anasema ile maneno ya mikono. Mimi ndiye nilimwambia."

Gahongayire alisimama. Sketi yake ilikuwa imemganda magotini. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Kesho, baada ya ibada, nitapita nyumba kwa nyumba, nikianzia kwa Gratien. Nitasema mikono ya Cassien ilikuwa mizima, na kosa ni langu. Jumatatu nitasema hayo hayo kiwandani, hata wakinifukuza. Mungu anasikia, na ninyi mmesikia."