Kikundi cha Alhamisi

Rhobi alifukuzwa kazi ya kufua kwenye kambi ya watalii karibu na lango la Ikoma, baada ya kusinzia wima na kuunguza mashuka ya wageni kwa pasi. Hilo alilimeza. Kilichomvunja ni maneno ya dada yake Agness, aliyekuwa akimlelea binti yake wa miaka saba.

"Mtoto utamwona ukija huna harufu ya pombe. Ukija nayo, mimi sikujui."

Alijaribu kuacha peke yake. Siku ya tatu mikono ilitetemeka hata kikombe cha uji kikamshinda, akarudi mwenyewe kwenye kilabu cha gongo pale Natta, alikokuwa akiishi. Ndipo muuguzi mmoja wa zahanati alipomnong'oneza kwamba Mugumu kuna watu wanaokutana kila Alhamisi, saa tisa alasiri, kusaidiana kuacha pombe.

Kuwapata kulikuwa kazi. Safari ya kwanza aliulizia sokoni, wakamcheka: "Kikundi cha walevi? Mbona kila kilabu kina kimoja!" Safari ya pili alikuta mlango una kufuli. Ya tatu akawakuta, watu watano wamejibana kwenye viti vya watoto, katika chumba cha shule ya Jumapili nyuma ya kanisa. Kiongozi wao alikuwa Mzee Emanueli, askari wanyamapori mstaafu, aliyekuwa na miaka sita hajaonja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, mama. Hapa unasema jina lako na siku uliyokunywa mara ya mwisho. Basi."

"Naitwa Rhobi. Leo asubuhi."

Hakuna aliyecheka.

Aliyekaa jirani na mlango ni Faridu, fundi cherehani. Mkewe hakujua anakuja. Angemwelezaje Mwislamu mwenzake kwamba kila Alhamisi anaingia uwanja wa kanisa, tena kwa ajili ya pombe aliyomwapia kuwa aliiacha zamani? Alimuaga kwamba anakwenda kupima watoto sare za shule.

Mzee Emanueli aliwataka wapeane namba za simu wawili wawili. "Kiu ikikubana, piga. Lakini piga kabla, usipige baada."

Rhobi alipangwa na Faridu. Wakapigiana kweli.

"Dada Rhobi, miguu inakwenda kilabuni yenyewe."

"Geuka, fundi. Niambie leo unashona nini."

Naye Faridu alikuwa akimsimulia pindo, vifungo, kola iliyomkataa, mpaka afike dukani kwake na kukaa kwenye cherehani. Siku nyingine Rhobi ndiye aliyepiga, naye Faridu akamsikiliza tu akilia. Wiki saba zikapita hivyo, Rhobi hajagusa tone.

Wiki ya nane, siku ya Jumanne, alikwenda Kenyamonta kwa Agness, ameoga, mdomo safi. Agness alimnusa, akampisha mlangoni. Mtoto akatoka, akasema "Shikamoo" kama anavyowaamkia wapita njia, kisha akajificha nyuma ya Agness, akamshika sketi.

"Mama," mtoto alimuuliza Agness, "huyu anaondoka saa ngapi?"

Saa nane mchana siku hiyohiyo Rhobi alikuwa kilabuni Natta, kikombe cha tatu mkononi, simu ilipoita. Fundi. Akaitazama. Akipokea, Faridu atasikia ulimi ulivyo mzito. Aibu ikamfunga mkono. Simu ikakatika, ikaita tena, ikakatika, ikaita mara ya tatu. Akaigeuza kifudifudi mezani.

Alhamisi alijikokota hadi kikundini ili akiri. Mzee Emanueli alimwahi kwa habari. Faridu alikunywa Jumanne yote, jioni akatapika damu, akakata roho njiani kupelekwa hospitali. Jana walimzika.

Waliobaki wakaenda kutoa pole. Wanaume waliketi nje, Rhobi akaingia ndani kwa wanawake, ambako mjane, Samira, alikuwa ameketi mkekani, ameanza eda. Rhobi alipotaja jina lake, Samira aliinua uso.

"Wewe ndiye Dada Rhobi? Jina lako limejaa kwenye simu ya mume wangu. Niambie mbele ya hawa. Alikuwa hawara yako?"

Rhobi angeweza kutunza siri ya marehemu. Lakini macho yale yalimzidi.

"Hapana, mama. Kuna kikundi cha watu wa kuacha pombe. Alikuja kila Alhamisi. Alikuonea haya."

"Pombe? Si aliniapia kwamba aliacha?" Samira alishika kifua. "Na Jumanne alikupigia mara tatu. Alikuambia nini?"

"Sikupokea."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimelewa."

Samira akavuta mtandio ukamfunika uso.

"Kumbe mlikuwa wengi," alisema, "na bado akafa peke yake. Toka."

Rhobi akatoka. Alipita kwenye viatu vilivyojaa kizingitini, akatafuta vyake, akavivaa. Mzee Emanueli alimfuata hadi barabarani.

"Alhamisi ijayo utakuja?"

"Kikundi kinamsaidia nani, mzee?"

Mzee alivua kofia, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Mimi sijui, mama," alisema. "Kwa kweli sijui."

Rhobi akasimamisha pikipiki ya kwenda Natta, akapanda bila kuaga.