Mwani Uliomkimbia Profesa Karaivanov

Jumatatu asubuhi, katika maabara ya biolojia ya mwaka wa pili hapa Chuo Kikuu cha Plovdiv, mwalimu wa maabara, Bi Penka, aligawa hadubini na chupa za mwani. "Andikeni mnachokiona," alisema. "Kilichomo kitabuni nimeshakisoma."

Mwani ule ni wa kijani, wa seli moja, na huogelea kufuata mwanga. Ukajikusanya upande wa dirishani. Kisha akaingia Profesa Karaivanov, mkuu wa idara, akitafuna banitsa, andazi la jibini, na kudondosha makombo ya jibini juu ya meza za watu. Mwani wote ukahama, ukajibana upande wa mbali naye.

"Kivuli tu hicho," alisema, akaenda zake. Mwani ukarudi dirishani.

Mwanafunzi mmoja, Zornitsa, hakuridhika. Ripoti yake ilihitaji sahihi ya Profesa. Bila sahihi hiyo, chuo kwaheri. Basi akajaribu kama walivyofundishwa, kitu kimoja kimoja. Akamsimamisha mlinzi mbele ya chupa: mwani haukujali. Paka wa koridoni: haukujali. Akaweka kitabu alichotunga Profesa: ukakimbia. Akakifungua kwenye dibaji: ukatulia.

"Dibaji aliandika mwenyewe," alisema Bi Penka. "Sura ya tatu ni yangu. Ya nne ya marehemu Stoil. Zilizobaki sijui za maskini gani."

"Sasa niandike nini, Bi Penka?"

"Ulichokiona, mwanangu. Ndiyo kazi yenyewe."

Akaandika kwamba mwani hukimbia wezi wa kazi za watu, akakabidhi. Profesa akaisoma ripoti yote, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanafunzi yeyote. Machi, jarida la chuo likachapisha ugunduzi wa Profesa: eti mwani hukimbia watu wenye akili nyingi! Majaribio yaleyale, mlinzi yuleyule, hata paka. Akavishwa nishani, mtu mzima na mvi zake, bila chembe ya haya.

Kisha akamwita Zornitsa ofisini.

"Binti, umenakili makala yangu. Huoni aibu?"

"Profesa, ripoti nilikukabidhi Novemba."

"Na mimi nilianza kuwaza Oktoba."

Hakusaini. Bi Penka alinyamaza, kwa kuwa anakaribia kustaafu. Zornitsa sasa anauza nyanya sokoni.

Kila muhula Profesa huja maabarani, akasimama mbele ya chupa. Mwani unamkimbia, na wanafunzi wanampigia makofi.