Korido ya Kilomita Ishirini na Moja

Usiku wa jana niliota, na wala sikulala na shibe, kwamba mbio zetu za kilomita ishirini na moja zimehamishiwa kwenye korido ya nyumba tunayopanga.

Kwanza mjue mkasa. Kwenye shughuli ya kumtoa mwali nilisimama mbele ya akina mama nikatangaza kwamba nitakimbia nusu marathoni, mimi ambaye sijawahi kukimbilia kitu zaidi ya maji ya bomba. Salha, muuza ubuyu wa chumba cha pili, alikwenda sokoni akarudi na khanga: MBIO ZA SAKAFUNI HUISHIA UKINGONI. Akaianika usawa wa dirisha langu, akaapa mbele ya nyumba nzima kwamba nikishindwa ataivaa mpaka ichanike. Tangu hapo mtaa mzima unaningoja nianguke.

Basi ndotoni nipo peku, viatu vyangu sivioni. Sakafu ni ile ile yetu nyekundu, ila haina mwisho, na milango imejipanga pande zote mbili. Mwamuzi ni filimbi ya Kocha Kibwana. Kocha mwenyewe hayupo. Filimbi imekaa kwenye stuli, imekunja nne.

"Kanuni unaijua," inasema.

Naijua. Kila Jumapili kocha anatukumbusha: anayeanza akimbie kwa mwendo ambao anaweza kuongea na watu.

"Basi ongea nao."

Mlango wa kwanza yupo Bi Mwanakombo anapepeta mchele. Nampa shikamoo huku napita. Filimbi inalia: sijamuuliza ameamkaje. Narudi, namuuliza. Ameamka salama, ila mguu tu. Nachomoka. Filimbi inalia tena: mguu nimeuacha bila kuujulia hali. Narudi kuuliza mguu, na mguu unajibu wenyewe, kwa kirefu, unaanzia mwaka wa mafuriko.

Mlango unaofuata kuna mgeni kutoka Pangani. Amebeba salamu za Pangani nzima na hataki hata moja ipotee.

Mimi napenda watu. Nyumba ikijaa ndiyo nalala vizuri. Lakini jamani, kuna kujaa na kujaa.

Nikipata upenyo wa kukimbia, goti la kulia linaninong'oneza. "Usimwambie mtu, lakini huyu mwenzangu kila tukipanda kilima ananiachia kazi yote." La kushoto linasema limesikia. Nawaomba wanyamaze. Filimbi inanikumbusha kwamba kocha alisema mtu ausikilize mwili wake. Nausikiliza. Wanatukanana mpaka kwa mama yao, ambaye sijui ni nani kama si mimi.

Ghafla korido inakuwa zahanati, naambiwa nipange foleni. Nikikaribia dirisha, inakuwa korido tena. Hakuna anayeomba radhi.

Ndipo sakafu inapokatika, kama baraza. Huko chini hakuna ardhi, ni ubuyu mwekundu mpaka macho yanakoma. Khanga ya Salha imetandikwa ukingoni.

"Mimi nimetoka kiwandani nimeshaandikwa hivi," inasema. "Usinichukie bure."

Naiuliza sasa mimi nifanyeje, mbio hazijaisha na sakafu imekwisha. Inaniambia nimuulize aliyenitangulia.

Aliyenitangulia ni Salha. Amekaa ukingoni, miguu inaning'inia, anahema kama mbuzi wa kuswagwa. Amevaa viatu vyangu.

"Nakimbia alfajiri, kabla watu hawajaanza kusalimiana," anasema. "Kila siku naishia hapa hapa. Peke yangu sivuki."

"Na khanga yako ya kunisema?"

"Niliinunua kwa ajili yangu, shoga. Wewe ulijisomea tu."

Nataka kumjibu, na mimi sijawahi kukosa la kujibu. Filimbi ikalia.

Nikaamka. Kumekucha, ndoo zinagongana bombani, magoti yako kimya. Nikafungua mlango nichukue viatu, maana huwa naviacha koridoni kwa sababu ya harufu. Vipo pale pale. Nikaingiza mkono: ndani vina joto.

Kamba zilikuwa zimefungwa fundo juu ya fundo, lile fundo la vifuko vya ubuyu vya Salha ambalo mtaa mzima tunalifungua kwa meno. Ncha moja ilikuwa nyekundu.

Nilikuwa nimeinama nalifungua kwa meno Salha alipotokea na ndoo, anachechemea.

"Umeamkaje, shoga?" nikamuuliza.

"Salama."

"Na miguu?"

Akaviangalia viatu. Akaitua ndoo, akaiendea kamba ya nguo, akaivuta khanga yake, akaikunja, akaikunja tena mpaka maandishi yakazama ndani.

"Kesho unigongee," akasema. "Tena usimwambie mtu."

Wallahi sijamwambia mtu. Ni nyinyi tu.