Filimbi Baada ya Injini Kuzimwa

Injini ilikuwa imekwisha kunyamaza, lakini ndani ya gari kitu kiliendelea kupiga filimbi. Filimbi nyembamba, kama mbu aliyenaswa chupani, ikafifia, ikafa. Placidia aliisikia kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsalimia yeye. Wanaume walikuwa wanapeana mikono.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi, siku Hanifu alipoleta Subaru yake ya tabo, ile feni ndogo ya kuisukumia injini hewa, kwa mara ya kwanza katika gereji ya Mzee Kashaija, pale Nkwenda. Tangu hapo tabo ilikuwa imekufa mara mbili. Sasa alikuja tena, moshi wa buluu nyuma yake, na pembeni yake ameketi mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rwezaura. Alizima gari papo hapo, akateremka, akatoa shikamoo. Hata kwenye hasira Hanifu alikuwa na adabu.

Baada ya salamu alisema lililomleta: Kashaija anachukua vifaa vizima, anafunga vibovu.

“Mzee wangu, gari lako hilo la Pijo limenizidi umri na bado linabeba kahawa,” alisema. “Langu la juzi, kila likitoka mikononi mwako linarudi linakohoa. Au dawa nzuri unampa mtoto wako wa kuzaa tu?”

Kashaija alijibu kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kula kifaa cha mtu. Mwenyekiti akasema ikithibitika, mlango wa gereji utafungwa. Spana ikamponyoka Kashaija mkononi, na hakuinama kuiokota.

Placidia, mjukuu wake, alisimama kando ya karai la mafuta ya taa alimokuwa akioshea vyuma. Aliacha shule darasa la tano, bibi yake alipougua, na tangu hapo hilo karai ndilo lililokuwa darasa lake. Alijua wanunuzi wawili wa kahawa wamekwisha kuhamishia magari yao Kayanga. Jina la fundi nalo ni kama maji: likimwagika halizoleki.

Tabo zote mbili zilizokufa alikuwa ameziosha yeye. Oili ya injini ilikuwa safi, lakini kile kibomba chembamba kinachoipeleka kwenye tabo kilikuwa kimeganda masizi kama tako la chungu. Tangu ile ya kwanza alilifikiri jambo hilo miezi mingi, hadi akaikumbuka ile filimbi. Tabo huzungushwa na moshi wa moto, na oili yake inasukumwa na injini. Injini ikizimwa ghafla, gari limetoka kupanda milima, oili inasimama nayo tabo bado inazunguka, kavu, huku inaungua.

Pijo halikuwa na mambo hayo. Lilitaka kupigwa msasa plagi, kusafishwa kabureta na kubembelezwa kila mwezi, lakini ukilizima hata lina jasho linalala kama mbuzi. Hili jipya halikutaka kubembelezwa. Lilitaka dakika mbili tu za kunguruma polepole kabla ya kuzimwa.

Naye Placidia hakuwa amemwambia mtu, kwa sababu ya maandishi ya mlango wa gereji. Kashaija alishikilia kwamba kumsalimia mtu huku injini inanguruma ni kumpigia mkubwa kelele. Alitaka kanuni hiyo iandikwe mlangoni, ikaandikwa kwa rangi ya buluu, herufi ya S imegeuka nyuma: ZIMA GARI, NDIPO USALIMIE. Wateja waliicheka ile S, ila kanuni waliishika. Hanifu aliishika kuliko wote. Kwenye kila baraza aliposimama, hadi mpakani Murongo, alizima kwanza.

Mwenyekiti alikuwa anaulizia kufuli.

Placidia alichukua kile kibomba cha masizi, akapita katikati ya wanaume, akakiweka juu ya boneti.

“Kaka Hanifu, naomba uwashe. Ukanyage mafuta kidogo, halafu uzime kama unavyozima siku zote.”

Hanifu alimtazama mwenyekiti, kisha akaingia garini. Injini ikanguruma, moshi ukapanda, akazima. Ndani ya gari ikasikika filimbi nyembamba, ikafifia, ikafa.

Placidia akawaeleza kwamba pale tabo ilikuwa inazunguka bila oili, akawaonyesha masizi.

Hanifu alikipokea kibomba, akakwaruza kwa ukucha, ukucha ukatoka mweusi. “Sasa mimi kuzima hivi nimefundishwa na nani?”

Kashaija alikuwa amekwisha kuugeukia mlango. Midomo yake ilikuwa inasoma.

“Babu, mkono wako haukuua kitu,” Placidia alisema. “Ni yale maneno ya mlangoni, na niliyeyaandika ni mimi. Nimejua tangu kabla tabo ya pili haijafa. Niliona ni bora gari life kuliko mimi kukwambia umekosea.”