Mkanda Uliojua Kuoga

Habari hii nimeipata kwa mkwe wangu, Jumamosi asubuhi, amekaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa anavua mabuti ya mpira. Alinihadithia kwa sauti ya chini, na sababu ya sauti ya chini mtaiona mwishoni. Sehemu ya katikati hakuna aliyenihadithia, maana ilitendeka juu ya meza yangu ya jikoni, tena kwa sabuni ya nyumba hii.

Mkwe wangu ni kiongozi wa waoshaji katika kiwanda cha karanga na unga. Wenzao wakivua aproni, wao ndio wanazivaa. Wanaingia na brashi na mipira ya maji, wanaosha mashine mpaka kunakucha. Mashine ileile iliyopitisha karanga leo, kesho inapitisha unga wa mchele, na wako watu, hasa watoto, wakionja karanga hata chembe koo linavimba wanakosa pumzi. Kwa hiyo mkwe wangu ana desturi yake. Anafuta mashine kwa kitambaa cheupe, anakisuuza ndani ya glasi ya maji ya moto, anainua glasi kwenye mwanga. Maji yakiingia ukungu, au yakinukia karanga, mashine haiwashwi, hata meneja apige magoti. Kule kazini wamembandika jina: Mama Glasi.

Adui wa Mama Glasi alikuwa mkanda. Mkanda ni kama njia inayotembea yenyewe: karanga zinamwagwa huku, zinajikuta kule, bila gunia wala kichwa cha mtu. Ule wa zamani ulikuwa wa kitambaa kilichopakwa mpira. Kingo zake zilichakaa, nyuzi zikaning'inia kama pindo la sketi ya shule, mafuta ya karanga yakaingia humo yakahamia kabisa. Waoshaji waliusugua wakiwa wamepiga magoti. Magoti ya mkwe wangu siku hizi yakikunjwa yanalia kama mlango.

Sasa huyo mkwe ana binti, mjukuu wangu, tunamwita Bisibisi. Utotoni mwake hakuna kitu chenye skrubu kilichopona nyumbani. Redio ya babu yake aliifungua akaifunga, ikabaki skrubu moja kiganjani, na redio ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Babu yake hakujua amchape au amshukuru. Alisomea ufundi, akapata kazi kwenye karakana ya mashine, na yeye ndiye aliyebuni mkanda mpya.

Nitaueleza nilivyouona. Kitambaa hakuna. Ni vipande vya plastiki nyeupe, kila kimoja upana wa kiganja, vimepishana meno kama vidole vya mikono miwili, na pini ndefu inapita katikati kuvishika. Kipande kikivunjika, unachomoa pini, unaweka kingine, safari inaendelea. Huna haja ya kutupa mkanda mzima. Unavutwa na gurudumu la meno, hauwezi kuteleza. Juu kuna mbavu zilizosimama, ili karanga zisiporomoke pale mkanda unapopanda. Na uso wake laini kama sahani. Siku ya kwanza niliupapasa nikasema hapa mtu unapakua chakula bila wasiwasi.

Mwenye karakana hakumficha Bisibisi kitu. "Kiwanda wametupa majaribio mawili," alimwambia. "Mama Glasi akiukataa mara mbili, tunarudi kushona mikanda mibovu ya watu, na wewe unarudi kwenye kutoboa matundu."

"Mama Glasi ni mama yangu."

"Ndiyo maana nalala usingizi."

Siku ya jaribio la kwanza karanga zilipita siku nzima, waoshaji wakaosha, na asubuhi watu wakajipanga kutazama. Msimamizi wa kiwanda alikuwapo. Mmoja wa waoshaji akasema kwa sauti, "Leo mcheza kwao hutunzwa."

"Tupishe," alisema mkwe wangu.

Akafuta juu. Glasi safi. Akafuta pembeni. Safi. Watu wakaanza kutabasamu. Bisibisi mwenyewe alikwishaanza kukusanya vifaa vyake.

"Chomoa pini."

"Mama, hapo..."

"Mama yuko nyumbani. Chomoa pini, fundi."

Maungio hayo Bisibisi aliyabana hata wembe usingepita. Hesabu yake ilikuwa kwamba pasipoingia kitu hapana cha kuosha, na kwa mchanga au mahindi hesabu hiyo ingekubali. Lakini karanga ina mafuta. Ikisuguliwa mafuta yanatambaa yenyewe pasipopita wembe, yanabeba na vumbi lake, na yakishaingia, mlango uleule mwembamba unayazuia maji yasiyafuate. Mkwe wangu akapitisha kitambaa ndani ya ungio. Glasi ikawa kama chai iliyotiwa maziwa kidogo.

"Haujaoga," alisema, akaimwaga.

Mchana huo walikula wakiwa wameketi kama wagonjwa wawili wasiojuana kwenye benchi la hospitali. Mimi nikawa nawapitishia chumvi.

"Ungeweza kuishia juu," Bisibisi alisema mwishoni. "Wote walikuwa wameridhika."

"Ningeweza."

"Mbele ya watu wote, Mama."

"Mtoto atakayekula ule unga hakuwapo kujitetea. Nani amsemee? Msimamizi? Msimamizi alikuwa anaangalia saa."

Bisibisi akaondoka mezani. Mkwe wangu akamalizia chakula chake chote, polepole, lakini sidhani alijua anakula nini.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake Bisibisi alichukua ruhusa karakana akaja na spoku za baiskeli, akachukua mche wa sabuni ya kufulia, akaanza kuchonga vipande vya mkanda kwa kisu changu cha vitunguu. Nilimuuliza kwa nini sabuni.

"Plastiki inataka mashine, Bibi. Sabuni inataka kisu tu. Nikikosea, tunafulia."

Nikamwachia meza. Alichonga, akaunga kwa spoku, akasugua karanga zilizosagwa, akamwagia maji, akachomoa, akatazama. Akipanua maungio, maji yanaingia vizuri, lakini karanga nazo zinachuruzika chini kama kwenye ungo uliotoboka. Akiyabana, tunarudi kwenye chai ya maziwa. Alipanua, alibana. Jikoni kwangu kote kulinuka karanga na sabuni, ukila kitu unatoa povu. Sikumsikia akilalamika. Kila kipande kilichoshindwa alikipanga dirishani, anakirudia, anakigeuza, kama mtu anayemhoji shahidi. Mimi nimelea watoto na wajukuu, na uvumilivu wa namna ile nimeuona kwa watu wachache.

Mwisho alivuta mnyororo wake wa sabuni juu ya chupa ya mafuta iliyolala mezani. Akauvuta mbele, akaurudisha. Akainama kuchungulia maungio. Kisha akachukua kisu, akaanza kuviringisha matumbo ya vipande kwa chini, kidogo kidogo.

Mkwe wangu alirudi kutoka kazini asubuhi iliyofuata akasimama mlangoni.

"Nani amekula sabuni yangu?"

"Panya mwenye cheti," nilisema.

"Mama, njoo uone," Bisibisi alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama yake tangu siku ile. "Ukilala, umefunga. Karanga haipiti. Ukizunguka gurudumu, unapinda, na kila ungio linafunguka kwa chini. Ona. Umeshapita gurudumu, umefunga tena."

Mkwe wangu aliuchukua ule mnyororo, akaupitisha juu ya ngumi yake, mara nyingi, akichungulia.

"Kama shingo yako ulipokuwa mchanga," alisema. "Ulikuwa mnene, mikunjo mitupu. Ukilala, safi. Nikikuinua kidevu nakuta maziwa ya juzi."

"Bibi, umemsikia?"

"Ni kweli," nilisema. "Na ulikuwa unanuka."

"Na maji yatapiga wapi?" mama yake akauliza.

"Palepale unapofunguka. Bomba linakaa ndani ya mzunguko, linapiga kwa chini. Kila ungio litapita mbele ya maji likiwa wazi. Hakuna wa kupiga magoti."

Mkwe wangu aliweka mnyororo mezani, taratibu, akanawa mikono.

"Pini nitachomoa tena."

"Chomoa."

"Tena nitachagua mwenyewe ipi."

"Chagua, Mama Glasi."

Jaribio la pili lilikuwa Jumamosi hiyo niliyoitaja. Safari hii hakuna aliyefanya mzaha. Mwenye karakana alikuja mwenyewe, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyejiandaa kutoka. Mkwe wangu anasema alifuta juu, akafuta pembeni, akafuta mbavu, halafu akaenda mahali penye giza nyuma ya mashine, ambako mtu akitaka kuficha uchafu ndiko angeuficha, akasema, "Hapa." Bisibisi akachomoa pini. Kitambaa kikaingia, kikatoka, kikasuuzwa. Mkwe wangu akainua glasi kwenye taa. Akainusa. Hakuridhika na pua yake, akampa msimamizi.

"Unasikia nini?"

"Maji," alisema msimamizi.

"Basi washa."

Mwenye karakana akakaa chini palepale, juu ya ndoo ya mtu.

Nilikuwa bado napuliza moto wa chai walipofika nyumbani wote wawili. Siku zote mkwe wangu hurudi jua limeshapanda ukutani. Nikamuuliza kama amefukuzwa.

"Nimemaliza, Mama," alisema. "Kazi imekwisha na mimi bado nina nguvu. Sijui nizipeleke wapi."

Bisibisi alipita bila kuamkia, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake, na kabla sijageuka akawa anakoroma. Hiyo ndiyo sababu mama yake alinihadithia kwa sauti ya chini, buti moja mguuni, jingine mkononi. Alipofika mwisho nilimuuliza, "Na umemwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kazi yake ni nzuri."

"Glasi imemwambia. Glasi haina mtoto."

"Wewe unaye."

Alicheka kidogo puani. Akavua lile buti la pili, akaenda kwenye kochi peku. Alimvua binti yake viatu, akavipanga. Shingo ya Bisibisi ilikuwa imepinda vibaya juu ya mkono wa kochi; mama yake akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akachungulia kama anatafuta kitu, akasukuma mto chini.

"Safi," alimnong'oneza. "Safi kabisa, fundi wangu."

Akaketi mkekani karibu na kochi, akanyoosha magoti yake yale, akaegemeza kichwa ubavuni mwa mwanawe. Nilimletea chai. Nilimkuta naye amelala.