Sahani Isiyotiwa Chumvi

Lystra Cudjoe aliposhuka kwenye boti pale Anse Lambi, kwenye kisiwa kidogo cha Karibi, hakuna aliyemuuliza habari za Uingereza. Kila mtu ana ndugu huko, kuna jipya gani? Walimuuliza jambo moja tu: "Umekuja kumlaza mama?" Akajibu, "Nimekuja kumlaza." Hapo ndipo walipompokea mizigo.

Maana mama yake, Euphemia, alikuwa amekufa mwaka wa nne huo, na kaburi lake halikuwa na jiwe. Kwa watu wa Anse Lambi, marehemu asiye na jiwe ni mgeni aliyesimama mlangoni: hajaingia, hajaondoka, na mwenye nyumba hali kwa raha. Kuzikwa atazikwa, lakini halali mpaka jiwe lije, mbuzi achinjwe, ngoma ipigwe, naye apewe sahani yake ya mwisho. Akishakula huwa mwepesi, akavuka bahari kurudi Afrika kwa waliomtangulia. Ndivyo walivyokwenda wote wa ukoo ule, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyewahi kurudishwa njiani.

Maziko Lystra hakuyawahi. Alikuwa Huddersfield akiwaogesha mama za wenzake katika nyumba ya kutunzia wazee, na ruhusa haikupatikana. Uchungu ule haukumtoka. Safari hii nayo alikuja mbio mbio, kwa sababu binti yake Renelle, aliyebaki Uingereza, alikuwa na mimba ya kuhesabu siku, na mwanamume aliyempa alishakula kona zamani. "Jumatatu napanda boti ya kurudi," Lystra alimwambia kabla ya kuondoka. "Mama yangu nilimkosa. Wewe sikukosi, hata bahari ikauke."

Na kilichomleta hasa ni ndoto. Euphemia alimjia kule kule kwenye baridi, akaketi ukingoni mwa kitanda na kofia yake ya kanisani, akasema, "Lystra, chakula hakina chumvi." Hakusema jingine. Alisema vile siku tatu mfululizo, mpaka Lystra akawa anaogopa kulala.

Ndoto ile ilimchoma kwa sababu alijua inatoka wapi. Mwaka wa mwisho wa uhai wake Euphemia alikuwa na presha, na daktari alimkataza chumvi. Aliyesimamia katazo lile alikuwa Lystra, kwa simu, kutoka ng'ambo, kama polisi. Siku moja bibi wa watu akaomba kipande cha samaki wa chumvi, kidogo tu, apitishie mdomo. Lystra akafoka, "Katupeni hicho kitu! Mnataka kumuua?" Kikatupwa. Wiki ile ile Euphemia akafa, na chakula chake cha mwisho hakikuwa na ladha.

Basi nyumbani akapokewa na Tanti Ismay, mdogo wake marehemu, mwanamke wa miaka themanini na ushee anayepasua kuni zake mwenyewe.

"Umenenepa," alisema Tanti. "Ingia chumbani ukamsalimie mama yako."

Jiwe lilikuwa kitandani. Lilikuwa limelazwa juu ya godoro la Euphemia, limefunikwa shuka jeupe mpaka pale jina lilipoandikwa, na mto umewekwa kichwani. Asubuhi ile ile Alban, nahodha wa boti, na wenzake watatu walikuwa wamelileta kutoka gatini huku wakitaniana, jepesi kama meza. Tanti akalinyunyizia ramu, kisha maji.

"Ramu alikuwa hakatai," alisema. "Haya, zungumza naye. Usimtumbulie macho kama anakudai."

Lystra akapiga magoti. Akalia.

Nje, masufuria yalikuwa yameshabandikwa. Ya walio hai yalikuwa karibu na ua, na viungo vyote. Ya marehemu yalikuwa peke yake chini ya paa la bati: sima ya mahindi na bamia, wali wa kubonda, mbaazi, nyama ya jogoo, vyote bila viungo, vyote visivyotiwa hata chembe ya chumvi. Mtoto yeyote wa Anse Lambi anajua sababu yake kabla hajajua kufunga viatu. Aliyekufa akionja chumvi huwa mzito, na mzito haruki bahari.

"Nani kasogeza hiki kikopo huku?" Tanti alifoka, akakishika kikopo cha chumvi kwa ncha za vidole. "Mnataka nikae na maiti? Toa!"

Wapishi wakacheka. Lystra naye akacheka, kisha macho yake yakakifuata kile kikopo mpaka kilipowekwa barazani.

Mchana jua likiwa utosini, meza ikatandikwa sebuleni. Sahani moja kwa kila marehemu wa ukoo, na katikati sahani ya Euphemia, kubwa, yenye maua ya buluu, pamoja na jagi la maji. Mlango ukafungwa ili wale kwa faragha. Watu wote wakaenda uani kwenye ngoma, kwa kuwa walio hai hawatakiwi kuwachungulia.

Lystra alisimama barazani peke yake. Ngoma ilikuwa inapigwa vizuri, lakini yeye alikuwa anasikia sauti moja tu: chakula hakina chumvi. Ataondokaje mama yake na sahani kama ile ile iliyomuua kwa hamu? Mara ya mwisho, jamani! Hata mfungwa anayenyongwa huulizwa anataka kula nini. Akachukua chumvi kidogo kwa vidole viwili, akafungua mlango, akaingia, akainyunyiza juu ya ile sima.

"Kula, mama," alisema. "Nisamehe."

Alipokuwa anaufunga mlango alisikia kiti kikivutwa. Akajiambia ni upepo. Upepo gani, na siku ile hata jani la mnazi halikutikisika?

Alasiri Tanti akafungua. Watoto walikuwa wameshajipanga, kwa sababu desturi ni wao kukimbilia chakula kile baada ya marehemu kuchukua ladha yake. Siku zote sahani hukutwa zimejaa vile vile. Siku ile nazo zilikuwa zimejaa, zote, isipokuwa moja. Sahani yenye maua ya buluu ilikuwa tupu. Ilikuwa imefutwa kwa kidole, mzunguko mmoja mzima, kama alivyokuwa akifuta Euphemia maisha yake yote hata akigombezwa mbele ya wageni. Jagi lilikuwa kavu.

Watoto wakarudi nyuma wenyewe. Hakuna aliyewafukuza.

"Hebu kwanza twende na jiwe," alisema Alban, kwa sauti ya mtu anayetaka shughuli iishe. Wanaume wanne wakaingia chumbani, wakainama, wakashika pembe. Halikutikisika. Wakaongezeka wawili.

"Mmekula nini nyie, uji?" mtu alitania kutoka dirishani.

"Njoo ulibebe wewe mwenye mdomo!" alijibu Alban, jasho likimtiririka. Kitanda kikalia, mguu mmoja ukapasuka, na jiwe likabaki pale pale. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tanti Ismay akarudi mezani, akapitisha kidole kwenye ile sahani, akakiweka ulimini. Akafumba macho.

"Nani katia chumvi?"

Lystra alitazama vidole vya miguu yake. Angesema, lakini aibu ni kitu kibaya, na halafu moyoni alikuwa anajitetea: haya mambo ya kizee, chembe mbili za chumvi zitamfanya nini mtu? Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Waliondoka bila kufungasha nyama, jambo ambalo Anse Lambi halijapata kuonekana.

Jumapili nzima nyumba ile ilikuwa na kiu. Lystra alijaza glasi, akageuka kuchukua simu, akarudi akaikuta tupu. Alijaza jagi, likakauka. Alisikia mguu ukiburutwa kutoka chumbani mpaka jikoni, mguu wa kushoto, ule uliokuwa ukimsumbua Euphemia. Tanti naye alikuwa akifuma kitambaa chake, na kila mguu ule ulipopita aliinua miguu yake kuupisha.

Jumatatu asubuhi Lystra hakuaga vizuri. Alibusu shavu la Tanti harakaharaka, akateremka gatini na begi moja. Kisiwa kile hakina uwanja wa ndege. Mlango wa kutokea ni mmoja, boti ya Alban ya kwenda Grenada. Abiria walikuwa wachache, na mbuzi mmoja. Lystra akaketi benchi la kulia.

Boti ikalala upande wa kulia.

"Lystra, umebeba nini?" alipiga kelele Alban. Walikuwa wamesoma darasa moja, hakuwa na haya naye. "Umeng'oa gati unalipeleka Uingereza?"

"Begi tu hili, Alban."

"Hamia kushoto basi, utatuzamisha."

Akahamia kushoto. Boti ikainuka, ikajigeuza, ikalala upande wa kushoto mpaka maji yakaramba ukingo na mbuzi akateleza akilia. Hapakuwa na wimbi. Bahari ilikuwa imetulia tuli. Abiria wakashika vyuma, na mama mmoja akaanza kusali kwa sauti ya chini.

Alban akazima injini. Akavua kofia. Hakumtazama Lystra; alitazama nafasi iliyokuwa wazi pembeni yake kwenye benchi, ambapo ubao ulikuwa umebonyea katikati.

"Samahani, dada," alisema, na utani wote ulikuwa umemwisha. "Shukeni. Wewe na yeye."

"Alban, mwanangu anajifungua! Nakuomba."

"Nami nina roho za watu humu. Shukeni, tafadhali."

Lystra akashuka. Alipokanyaga gati, boti ikapanda juu ya maji kwa mshtuko, nyepesi, ikaondoka. Alisimama akiitazama mpaka ikawa kidoa. Kisha akaanza kupanda kilima kurudi nyumbani, taratibu, kwa sababu aliyekuwa nyuma yake alikuwa akiburuta mguu.

Mezani alikuta sahani tatu zimeshaandaliwa. Moja ilikuwa na maua ya buluu.

"Ni mimi, Tanti," alisema.

"Najua ni wewe. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Alinijia ndotoni! Alisema chakula hakina chumvi!"

Tanti Ismay akaweka kijiko chini. "Mwanangu, wote husema hivyo. Baba yetu alinilalamikia chumvi mpaka nikamchukia. Unadhani hatuwapi kwa uchoyo? Tukiwapa, nani ataondoka? Mtu akionja tena utamu wa dunia, ataifuata Afrika ya nini?"

"Mimi nilitaka anisamehe tu."

"Alishakusamehe zamani. Alikuwa anakuaga, wewe ukamkaribisha."

Lystra akaketi. Machozi yalimtoka bila sauti. Akauliza kitu kimoja tu alichokuwa na haja nacho: atafanyaje ili mama yake aondoke?

"Aliyemtilia chumvi ndiye anayeandamwa," alisema Tanti. "Huwezi kumlisha mtu halafu umkimbie. Atasubiri mwenzake. Akifa mtu wa nyumba hii, siku tukimlaza huyo, watashikana mikono waende wote wawili. Njia nyingine sijaisikia."

"Mtu wa nyumba hii?" Nyumba ile walikuwa wamebaki wawili. Lystra akamwangalia mama yake mdogo, kisha akaona haya.

"Usinitazame mimi!" Tanti alicheka kweli kweli, akaonyesha meno. "Yote yangu haya. Na shangazi zangu walifika mia. Haya, kula, sima inapoa."

Simu ikaita wakiwa hapo hapo mezani. Ilikuwa Renelle, anahema.

"Mama, uchungu umeanza. Uko wapi? Umeshapanda ndege?"

"Bado, mwanangu. Boti imenishinda leo."

"Sasa utakuja lini?"

"Boti ijayo," alisema Lystra. "Vumilia kidogo. Boti ijayo nakuja." Akajisikia mwenyewe anavyosema. Ilikuwa sauti ile ile aliyokuwa akimtumia Euphemia mwaka baada ya mwaka: likizo ijayo, mama, vumilia kidogo. Akafunika mdomo kwa kiganja.

Kule upande wa pili Renelle akaacha kuhema, kama mtu anayetega sikio.

"Mama, ni nani huyo hapo karibu yako? Mbona hamumpi maji? Anayaomba kweli kweli."

Lystra hakuwa amesikia kitu; na alipohesabu watu wa nyumba ile, Renelle hakumhesabu. Aliangalia jagi, lilikuwa tupu. Akamwambia binti yake asubiri, akainuka, akaenda kuteka jingine.