Mpangaji wa Juliana

Ambokile alijenga Kibaha na kulala Kibaha, lakini kuishi aliishi Dar es Salaam. Ndivyo walivyo wengi pale Picha ya Ndege: jogoo hajakohoa wako barabarani kuwahi ofisini Posta, usiku wanarudi wamechakazwa na foleni, wanakula kiporo, wanalala. Majirani walimjua kwa mlio wa geti lake tu.

Haikumsumbua, mpaka mkewe Elinipa alipomwambia huku akikunja nguo: "Wanaomtaka Juliana wanaleta posa Jumapili. Ila shangazi wa kijana anatangulia. Watu wa Maneromango hawaoi kabla ya kuulizia kwa majirani."

"Kuulizia nini?"

"Kama wewe ni mtu wa watu."

Loo! Usingizi ukamruka. Juliana, binti yake wa pekee, alimpenda kijana yule kwelikweli, na Ambokile alijua majirani wangejibu nini: hatumjui. Posa ivunjike kwa sababu ya baba! Akaomba likizo kazini, akaingia mtaani kutafuta kujulikana.

Alianzia kwenye kijiwe cha kahawa. "Jamani, kahawa ya leo yote juu yangu!" Wazee waliokuwa wakicheza drafti wakatazamana. Akavuka njia kwa Bi Mwanaamina, jirani yake muuza vitumbua, akamwamkia kwa kuinama mpaka kofia ikadondoka kwenye bakuli la unga. Akamuuliza na hali ya mumewe.

"Marehemu?" Bi Mwanaamina aliiokota kofia kwa ncha za vidole. "Turubai la msiba lilifika mpaka getini kwako, baba. Ukapita katikati yetu ukisema, samahanini, naombeni njia."

Ambokile alitamani ardhi impasukie. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akazibua mtaro na vijana, akawanunulia mpira, akabeba jeneza la mtu asiyemjua hata jina, tena akalia kuwashinda wafiwa. Jioni moja Hamidu, muuza kahawa, akamvuta pembeni.

"Mzee, tuambiane ukweli. Unagombea uenyekiti wa mtaa au udiwani?"

"Mimi? Sigombei chochote!"

"Wote huanza hivyohivyo." Hamidu akampigapiga bega. "Usijali, kahawa yako tutakunywa. Kura ndiyo tutaona."

Masikini Ambokile! Kumbe mtaa ulishaamua: mtu hanuni miaka yote halafu akaamka siku moja anacheka na kila mtu, kama hana lake jambo. Na shangazi wa kijana, Bi Eugenia, alikuwa ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba na mwavuli wake. Ambokile alimwona kwa mbali akicheka na Bi Mwanaamina mpaka wameshikana mabega.

Jumapili wageni wakajaa sebuleni. Ambokile alikaa kwenye kochi lake kubwa. Juliana alisimama mlangoni na sinia la chai, macho chini.

"Baba, tuliulizia," Bi Eugenia alianza. "Kila nyumba wanamjua Juliana. Msiba wa mume wa Bi Mwanaamina, ndiye aliyesugua masufuria. Hamidu alipolazwa, ndiye aliyepeleka uji. Sasa wewe..." Akashindwa, akacheka kwanza. "Wewe wametuambia kwamba hii ni nyumba ya Juliana, na kuna mpangaji humu. Anatoka giza, anarudi giza. Siku hizi anagombea."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Ambokile naye akacheka, huku aibu ikimchoma na machozi yakimlenga. Miaka yote aliamini yeye ndiye anayeibeba nyumba ile mgongoni.

"Kwa hiyo posa?" aliuliza.

"Posa tumemletea mwenye nyumba. Mpangaji atupishe tuongee naye."

Ambokile akasimama. Akampokea Juliana sinia, akamkalisha kwenye kochi lake. Wageni walipomaliza chai, akakusanya vikombe mwenyewe, akaenda kuviosha uani, mikono ya shati la ofisini imekunjwa hadi kwenye viwiko.

Bi Mwanaamina akachungulia juu ya ukuta.

"Sugua, mgombea, sugua," alisema. "Lakini kura yangu ni ya Juliana."